Njia ya Kutokea: Vitufe vya Kwenye Kioo na Simu Isiyo na Vitufe vya Kubonyeza

Shangazi yangu analima zabibu Mpunguzi, kusini mwa jiji la Dodoma kwa barabara ya Iringa. Mwezi wa saba mwanawe alimletea simu mpya. Ile ya zamani ilikuwa na kitufe kimoja cha kubonyeza chini ya kioo, na vumbi la kiangazi lilikuwa limekwisha kukikaza hata kikawa hakiitiki mpaka kibonyezwe mara tatu. Mpya ni kioo kitupu kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi kivulini, simu mkononi, na kioo chote kimefunikwa na video ya harusi ya binamu yangu. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema neno ambalo sikuweza kuliacha huko shambani: "Mwanangu, humu nikiingia sioni pa kutokea. Huwa naizima simu yote, naiwasha upya, ndipo natoka."

Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ni malalamiko ya mtu mzima asiyezoea simu janja, lakini swali alilouliza shangazi ndilo hasa lililowashughulisha watengenezaji wa mifumo ya simu tangu siku walipoamua kuondoa vitufe kwenye mwili wa simu. Ikiwa hakuna kitu cha kushika na kubonyeza, nani anailinda njia ya kutoka ndani ya programu? Alama tatu zilizo chini ya kioo, yaani pembetatu ya Nyuma, duara la Nyumbani na mraba wa programu za karibuni, huonekana kama vijipicha tu, kumbe nyuma yake kuna makubaliano marefu kati ya mfumo wa simu, watengenezaji wa programu, na mwenye simu. Nitayafafanua kwa kuegemea zaidi mfumo wa Android, kwa kuwa ndio ulio ndani ya simu nyingi zilizomo mikononi mwetu.

Simu ya kwanza ya Android iliyouzwa, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa na vitufe halisi vya kupigia, kukata, kurudi nyumbani, kurudi nyuma na kufungua menyu, pamoja na kigololo cha kuviringisha kwa kidole. Kila kazi ilikuwa na mahali pake, na mahali hapo hapakuhama hata simu ifanye nini. Baadaye watengenezaji walipunguza vitufe, na baadhi yao wakaweka chini ya kioo alama zinazowaka taa na kuitika kwa kuguswa bila kubonyea. Nexus One ya mwaka 2010 inafaa kutazamwa kwa karibu. Tabaka lake la kuhisi mguso lilivuka mpaka wa sehemu inayoonyesha picha, likashuka hadi kwenye zile alama, na faili dogo ndani ya simu lilieleza kwamba mguso ukitua mahali fulani uhesabiwe kuwa ni Nyuma, na ukitua mahali pengine uhesabiwe kuwa ni Nyumbani. Kitufe kilikuwa kimekoma kuwa springi iliyo chini ya plastiki. Kilikuwa kimegeuka kuwa vipimo vilivyoandikwa ndani ya faili. Kutoka hapo hadi kukiondoa kabisa ilikuwa ni hatua moja tu.

Hatua hiyo ilichukuliwa Februari 2011, kwa toleo la Android 3.0 lililotengenezwa kwa ajili ya tableti, na Motorola Xoom ndiyo iliyotangulia kulibeba. Tableti hushikwa kwa namna zote, wima na kwa ulalo, kwa hiyo kitufe kilichochimbiwa chini hujikuta ubavuni au juu mara kifaa kinapogeuzwa, ilhali kitufe kilichochorwa hugeuka pamoja na picha. Mwaka huohuo toleo la 4.0 likaingiza utaratibu huo katika simu kupitia Galaxy Nexus. Wengine walichelewa: Microsoft iliwataka watengenezaji wa simu za Windows Phone waweke vitufe vitatu chini ya kioo, na ni toleo la 8.1 la mwaka 2014 ndilo lililoruhusu vitufe hivyo vichorwe kwenye kioo chenyewe.

Sababu ya kugeuzwa kwa kifaa haikuwa pekee. Nafasi iliyokuwa ikichukuliwa na vitufe iliweza kupewa kioo, na kila kitufe cha kubonyeza ni tundu la kupitishia maji na vumbi, tena ni kifaa kinachochakaa kwa kubonyezwa maelfu ya mara. Aliyekaa Dodoma miezi ya upepo, kuanzia wa sita hadi wa kumi, hahitaji kuambiwa vumbi jekundu hufanya nini katika tundu dogo. Pamoja na hayo, kitufe cha kuchorwa kinaweza kubadilishwa umbo, kuhamishwa na hata kufichwa. Uwezo huo wa mwisho ndio uliomnasa shangazi yangu, na nitaurudia.

Kwanza inafaa kujua kinachotokea kidole kinapogusa ile pembetatu. Katika simu yenye kitufe halisi, swichi ikifunga, kiini cha mfumo hupokea namba. Faili la tafsiri husema, kwa mfano, kwamba namba 158 isomwe kuwa ni Nyuma, na Android nayo huipa Nyuma namba yake yenyewe, ambayo ni 4. Nyumbani ni 3. Programu iliyo mbele ya macho yako hupata taarifa kwamba kitufe namba 4 kimebonyezwa. Sasa, katika simu isiyo na swichi, sehemu ya mfumo inayochora ule ukanda wa vitufe hutunga taarifa ileile yenye namba ileile 4, ikaitia alama ya kuonyesha kwamba imetoka kwenye kitufe cha kuigiza, kisha ikaiingiza kwenye foleni ileile ambamo taarifa za vitufe halisi hupita. Programu inayoipokea haina haja ya kujua kama mtu amebonyeza plastiki au amegusa picha. Kwa sababu hiyo programu zilizoandikwa mwaka 2009 kwa ajili ya simu zenye vitufe halisi ziliendelea kufanya kazi katika simu za mwaka 2011 zisizo na hata kimoja. Naona huo ni uamuzi wa busara sana, kwa kuwa mzigo wa mabadiliko ulibebwa na mfumo, haukutupwa kwa maelfu ya watu waliokuwa wamekwisha kuandika programu zao.

Kitufe cha Menyu, ambacho ni namba 82, ndicho kilicholeta usumbufu. Programu nyingi za zamani zilificha mipangilio yake humo, nacho hakikupewa nafasi katika ukanda mpya. Kwa programu hizo mfumo uliongeza alama ya vidoti vitatu pembeni mwa vitufe, na watengenezaji wakahimizwa kuvihamishia vidoti hivyo ndani ya programu zao. Vidoti vitatu unavyoviona leo kwenye pembe ya juu ya programu nyingi ndivyo warithi wa kitufe hicho kilichoondolewa.

Kati ya Nyuma na Nyumbani kuna tofauti ambayo watumiaji wengi hawajaambiwa, nayo ndiyo kiini cha jambo zima. Taarifa ya Nyumbani haifiki kwa programu hata kidogo. Mfumo huidaka njiani na kuitekeleza wenyewe, kwa hiyo hakuna programu inayoweza kuizuia, iwe nzuri au mbaya. Taarifa ya Nyuma hukabidhiwa programu, na programu ndiyo huamua la kufanya nayo. Ndiyo maana programu moja hukwambia ubonyeze tena ili utoke, nyingine hukuuliza kama unataka kuhifadhi ulichoandika, na ukurasa wa tangazo lenye hila unaweza kukurudisha palepale kila unapogusa pembetatu. Nilimweleza shangazi kwa mfano wa ugenini. Nyuma ni kuaga: mwenyeji anaweza kukwambia subiri kidogo, chai iko jikoni, nawe ukajikuta umekaa tena. Duara ni kuondoka, na hakuna wa kukushika mkono. Mraba wa kwenye kioo nao hautumi namba ya aina ile. Wenyewe huuomba mfumo moja kwa moja uonyeshe programu zilizotumika hivi karibuni.

Ukanda wenyewe una gharama ya nafasi. Kimo chake cha kawaida ni vizio 48, na kizio kimoja ni sehemu ya 160 ya inchi, kwa hiyo ukanda una karibu milimita 7.6. Kipimo hicho hakikuokotwa, kwani vizio 48 ndicho kimo kinachopendekezwa kwa kitu chochote kinachotarajiwa kuguswa kwa kidole bila kukosewa. Katika Galaxy Nexus, yenye kioo cha nukta 1280 kwa 720, kizio kimoja kilikuwa nukta mbili, hivyo ukanda ulichukua nukta 96 na kuziachia programu 1184. Asilimia 7.5 ya kimo cha kioo ilikwenda kwa vitufe vitatu, na wapo walioona kwamba wamenunua kioo kikubwa kisha wakakatwa kipande.

Hata hivyo kipande hicho hakikuachwa kiwe cha kugombewa. Google ina hati ya masharti ambayo kila mtengenezaji anayetaka kifaa chake kihesabiwe kuwa kinapatana na Android lazima aitimize. Hati hiyo inataka kazi ya Nyumbani na ya Nyuma ziwepo, na inasema kwamba vitufe vikiwekwa kwenye kioo vitengewe sehemu yao mahsusi, sehemu ambayo programu haziruhusiwi kuitumia, na kwamba vitufe hivyo navyo visizibe sehemu ya programu. Kwa maneno mengine, programu huambiwa tangu mwanzo kwamba kiwanja chake kinaishia hapa, na ng'ambo ya mpaka ni njia ya wote. Simu inapogeuzwa ulalo, ukanda hubaki kwenye ukingo uleule wa mwili wa simu, kwa kawaida ule wenye tundu la chaji, kwa sababu kimo cha picha tayari ni kifupi na kukikata tena kungembana mtumiaji. Kwenye tableti, ambako nafasi si haba, ukanda hushuka chini kila upande unapogeuka.

Sasa nirudi kwenye video ya harusi. Toleo la 4.0 liliruhusu programu kuomba ukanda ufichwe, lakini mguso wowote juu ya kioo uliurudisha. Kwa video utaratibu huo ulitosha, kwa sababu mtazamaji hagusi. Kwa michezo na vitabu haukufaa, kwa kuwa mchezaji hugusa kila sekunde. Kwa hiyo toleo la 4.4 la mwaka 2013 lilileta hali ya kujaza kioo chote, ambamo ukanda hubaki umefichika hata ukigusa katikati ya picha, na hurudi pale tu kidole kinapopangusa kutoka ukingoni kuelekea ndani. Waliobuni hali hiyo walijua hatari yake. Mara ya kwanza kioo kinapojazwa hivyo, mfumo wenyewe huleta tangazo la kueleza jinsi ya kutoka, na mtumiaji hutakiwa kukiri kwamba ameelewa.

Hapo ndipo mwenye simu wetu alipopotelea. Simu ililetwa ikiwa imewekwa Kiingereza, tangazo likaja kwa Kiingereza, akaligusa liondoke kama anavyoondoa matangazo mengine, na mfumo ukaandika kwamba ameelewa. Nina neno la kusema hapa na nalisema kwa uzito. Tangazo la njia ya kutokea linalotolewa mara moja tu, kwa lugha ambayo msomaji haijui, ni sawa na kutotolewa. Android ina Kiswahili ndani yake, na kuibadili lugha ni kazi ya dakika moja. Anayemnunulia mzazi wake simu na asifanye hivyo kabla ya kuikabidhi amemwachia nusu ya kazi.

Jambo lililonigusa zaidi limo ndani ya msimbo wa Android, yaani maandishi ya maagizo yanayouendesha mfumo, ulio wazi kwa kila mtu kuusoma. Waandishi wake waliweka humo kipengele cha mtu aliyetaharuki: mtumiaji akizima kioo wakati vitufe vimefichika, kisha akakiwasha ndani ya sekunde chache, mfumo huchukulia kwamba anatafuta pa kutokea, ukamrudishia ukanda. Yaani hata wao waliona kwamba mtu aliyenaswa hukimbilia kile kitufe halisi kilichobaki ubavuni. Shangazi alikuwa akishikilia kitufe hichohicho mpaka simu yote ikazimika, ilhali kuzima kioo tu na kukiwasha tena ndani ya sekunde chache kungeweza kumtosha. Hakuwa mbali na mlango.

Katika miaka ya karibuni kumekuja jambo jingine juu ya hilo, nalo ni kuviondoa hata vitufe vya kuchorwa na kuweka miondoko ya kidole badala yake. Wazo si jipya. Nokia N9 ya mwaka 2011 haikuwa na kitufe hata kimoja usoni, na mtumiaji alitoka ndani ya programu kwa kupangusa kutoka ukingoni. iPhone X iliufuata mkondo huo mwaka 2017 ilipoondoa kitufe cha duara kilichokuwapo tangu iPhone ya kwanza ya mwaka 2007. Android 9 ya mwaka 2018 ilijaribu njia ya katikati, yenye kidude cha umbo la kidonge na kimshale pembeni mwake, kisha Android 10 ya mwaka 2019 ikakamilisha: kupangusa kutoka chini kwenda juu ni Nyumbani, kupangusa vivyo hivyo na kusita kidogo ni kuona programu za karibuni, na kupangusa kutoka ukingo wa kushoto au wa kulia kuelekea ndani ni Nyuma. Huku kwetu watu walikwisha kuziita simu za kupangusa kabla hata kupangusa hakujawa ndiyo njia ya kutokea.

Mgogoro wa mipaka ulirudi kwa sura nyingine. Programu nyingi zilikuwa na menyu ya pembeni iliyovutwa kutoka ukingo wa kushoto, na ukingo huohuo sasa ulikuwa mali ya Nyuma. Mfumo uliruhusu programu iombe kuachiwa sehemu ya ukingo, lakini ukaweka kikomo cha vizio 200 kwa kila upande, ili isitokee programu ikadai ukingo wote na kumfungia mtu ndani. Ukingo wa chini, ambao ni wa Nyumbani, hauombwi kabisa. Kanuni ileile ya mwanzo imehifadhiwa, kwamba njia ya kuaga inajadiliwa na njia ya kuondoka haijadiliwi.

Kwa maoni yangu, miondoko humfaa aliyekwisha kujua anachokitafuta. Kitufe kinachoonekana humkumbusha mtu kwamba njia ipo. Ukingo mtupu haumkumbushi chochote. Kuna pia suala la ngozi. Kioo cha simu hutambua kidole kwa umeme mdogo unaobadilika pale ngozi inapokaribia, na ngozi kavu yenye sugu huubadilisha kwa udhaifu. Mguso mmoja unahitaji kutambuliwa kwa kitambo kidogo tu, ilhali mpanguso unahitaji kutambuliwa bila kukatika kutoka ukingoni hadi ndani. Wakati wa kiangazi, mikono ya mtu aliyeshinda akipalilia na kukata matawi ya mizabibu huwa mikavu hata kupangusa kunakatikia njiani, na simu ikadhani ameigusa tu. Nimeliona hilo kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na ndilo lililonifanya niwashauri watu kurudisha vitufe vitatu kwa wazee wao. Uchaguzi huo bado umo katika mipangilio ya simu nyingi za Android, hata zinazokuja zikiwa zimewekwa miondoko.

Vitufe vya kwenye kioo vina udhaifu wake, na mafundi simu wa maeneo ya soko la Majengo wanaujua vizuri. Vinakaa mahali palepale siku zote, kwa hiyo ukanda wa chini wa tabaka la kuhisi mguso ukifa, kwa kuanguka au kwa maji, vyote vitatu hufa kwa pamoja, na mwenye simu huamini kwamba simu nzima imekufa. Kwa bahati hilo hupimika kabla ya kununua kioo kipya. Katika mipangilio ya wasanidi programu kuna chaguo la kuonyesha mahali kidole kinapogusa: ukilivuta dole polepole kutoka juu kwenda chini, mstari unaochorwa hukatika pale hasa tabaka lilipofia. Kuigeuza simu ulalo hakusaidii, kwa sababu ukanda hubaki kwenye ukingo uleule uliokufa. Kuhamia kwenye miondoko husaidia nusu, kwa kuwa Nyuma huhamia pembeni ingawa Nyumbani hubaki chini. Na anayetaka tu kuokoa picha zake kabla simu haijafunguliwa anaweza kuchomeka kipanya cha kompyuta kupitia waya wa OTG, ule wa kuunganishia simu vifaa kama kipanya, ikiwa simu yake inaukubali; mshale utatokea kwenye kioo na utavibonyeza vitufe vilevile, kwani taarifa zake hazipiti kwenye tabaka lililoharibika.

Njia nyingine ni kuweka kitufe kinachoelea, ambacho mtu anaweza kukisogeza atakapo. Katika iPhone kipo ndani ya mfumo wenyewe tangu mwaka 2011, kwa jina la AssistiveTouch, na Android nayo ina menyu ya ufikivu yenye vitufe vikubwa vya kazi kama hizo. Wengi hawavijui hivi na hukimbilia kupakua programu za kuongeza vitufe, jambo ambalo nalionea wasiwasi. Programu ya namna hiyo huomba ruhusa mbili. Ya kwanza ni ya kuchora juu ya programu nyingine, ili kitufe chake kionekane popote. Ya pili ni ruhusa ya huduma za ufikivu, ambayo tangu Android 4.1 ya mwaka 2012 humwezesha mwenye nayo kuuomba mfumo utekeleze Nyuma au Nyumbani kwa niaba ya mtumiaji. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu na inawafaa mno, lakini mwenye nayo anaweza pia kusoma maandishi yaliyo kwenye kioo na kubonyeza mahali bila wewe kubonyeza. Zimewahi kuandikwa programu za wizi zilizojivika sura ya msaada ili zipate ruhusa hiyo na kuingilia programu za benki, na ndiyo sababu Android 13 ya mwaka 2022 iliweka vizuizi kwa programu zilizopakuliwa nje ya duka la programu zinapoiomba. Kwa mtu ambaye fedha zake zote zimo kwenye simu, tofauti kati ya kitufe cha mfumo na kitufe cha kupakuliwa ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Kwa vijana wanaojaribu kuusimika mfumo huu wenyewe kwenye vifaa visivyo na kitufe chochote, kuna fundo moja ambalo huwazungusha wengi. Msimbo wa Android hauchori ukanda wa vitufe mpaka uambiwe. Mtengenezaji huuambia kupitia thamani iitwayo config_showNavigationBar, na juu ya thamani hiyo kuna mstari mwingine, qemu.hw.mainkeys, wenye nguvu ya kuipindua. Jina lake limetoka QEMU, programu inayoiga simu ndani ya kompyuta, kwa sababu waliojaribu programu walihitaji kuiga simu zenye vitufe na zisizo navyo. Mkanganyiko uko kwenye namba. Mtu huandika 0 akidhani anaficha ukanda, kumbe 0 inauambia mfumo kwamba kifaa hakina vitufe vikuu, nao mfumo unachora vya kwake. 1 inasema kwamba vipo, na ukanda unaondoka. Katika simu za zamani, fundi mwenye mamlaka ya juu kabisa ya simu aliweza kuubadili mstari huo na kumpatia ukanda mtu ambaye vitufe vyake halisi vimekufa. Simu za sasa huikagua sehemu hiyo ya mfumo zinapowaka, na mabadiliko ya kienyeji huweza kuzifanya zikatae kuwaka kabisa.

Umbo na mpangilio navyo vilibadilika njiani. Alama za mshale, nyumba na vijisanduku viwili zilipisha pembetatu, duara na mraba katika Android 5.0 ya mwaka 2014. Samsung iliiweka Nyuma upande wa kulia tangu enzi za vitufe halisi, na iliendelea hivyo hata ilipokiondoa kitufe cha Nyumbani usoni mwa Galaxy S8 mwaka 2017, kwa hiyo anayehama kutoka simu moja kwenda nyingine hujikuta kidole kinakwenda kusiko. Mipangilio huruhusu kuvibadilishana.

Siku ile Mpunguzi nilianza na lugha, nikaiweka Kiswahili, kisha nikarudisha vitufe vitatu. Nikamwomba shangazi aifungue tena video ya harusi mpaka kioo kijae. Alikifuta kidole kwenye ukingo wa kanga, akakiweka chini kabisa, palipo na tundu la chaji, akapangusa kwenda juu. Mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya pili ukanda ukajitokeza juu ya miguu ya bwana harusi, pembetatu, duara na mraba, akabaki akiutazama mpaka ukajificha tena. "Usiungoje, shangazi, uguse," nikamwambia. Akapangusa mara ya tatu na kugusa duara, na harusi ikaondoka. Kisha akaifungua video ileile, akatoka, akaifungua, akatoka, mara nne mfululizo, bila kuitazama harusi yenyewe.